Gombe na watoto wadogo: msikimbilie mlimani, ufukwe unatosha

MamaPacha_Mwanga

Habari za jioni wakuu.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Kigoma, naishi Mwanga, na mpaka mwezi uliopita sikuwa nimekanyaga Hifadhi ya Gombe. Msinicheke, wengi wenu mko hivyo hivyo. Kila siku tunapishana na wageni wenye mabegi mgongoni wanateremka Kibirizi, tunawakaribisha vizuri, kisha kila mtu anarudi kwenye biashara yake ya vitenge.

Kilichonizuia ni watoto. Nina mapacha wa miaka saba na kaka yao wa kumi. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba Gombe ni sokwe, sokwe wako mlimani, na watoto hawapelekwi kwa sokwe. Yote matatu ni kweli. Ila lipo la nne ambalo hakuna aliyenitajia: kule chini, msitu unapoishia, kuna ufukwe, na huo unapitika na mtoto mdogo na hata bibi mwenye magoti mabovu. Nasema kwa ushahidi, maana bibi mwenyewe, mama mkwe wangu, tulikwenda naye.

Tulikuwa familia tatu, watu kumi na mmoja. Tulikodi boti moja pale mwaloni Kibirizi tukagawana mafuta. Boti za abiria za vijiji vya kaskazini zipo na ni nafuu, lakini huondoka mchana na kurudi mjini kesho yake asubuhi, kwa hiyo ukipanda hizo ujue unalala. Sisi tulitaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hifadhi iko kama kilomita 16 kaskazini ya mji. Kabla ya saa moja asubuhi tulishaondoka, Ziwa Tanganyika limetulia, milima ya Kongo inaonekana kwa mbali kama mtu kaichora kwa penseli.

Jambo moja la njiani. Vilima vyote unavyovipita ukitoka mjini ni vipara: mashamba, nyasi, udongo mwekundu. Halafu ghafla unaona msitu umeanza, kama kichwa kilichonyolewa nusu. Hapo ndipo mpaka wa hifadhi. Mwanangu mkubwa akauliza nani kapanda miti yote ile. Bibi yake akamjibu, "Hakuna aliyeipanda. Huku kwingine ndiko tulikoikata."

Tulishukia Kasekela, ziliko ofisi. Pesa taslimu hawapokei, unapewa namba unalipia kwa simu, kwa hiyo weka salio kabla hujaondoka mjini. Sisi raia tunalipa kwa shilingi na ni kidogo kuliko wageni, watoto wana kiwango chao cha chini, na aliye chini ya miaka 5 halipi. Kabla ya yote askari aliuliza nani ana mafua. Nikadhani anatania. Akatueleza kwamba sokwe anaambukizwa na binadamu, na mwaka 1966 ugonjwa kama polio uliwapata sokwe wa hapo, wengine wakafa, wengine wakapooza mikono. Mapacha wangu walikaa wanajipima kama wanapiga chafya.

Tukapewa muongozaji, kijana mpole sana, tukaelekea kusini kwa kufuata maji. Mwanzo ni mchanga, kisha kokoto, kisha mawe makubwa kidogo ambayo bibi alishikwa mkono kuyapita. Tulivuka kijito cha Kakombe pale kinapoingia ziwani. Maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, baridi kama yametoka kwenye friji, na mapacha waligoma kutoka. Kulia kwako ziwa, kushoto msitu, na michikichi imejichomeka katikati ya miti mingine. Muongozaji akasema sokwe wanapenda sana matunda yake. Mume wangu akasema basi hao ni Wakigoma kabisa, wamebakiza kuuza dagaa.

Sasa kitu ambacho mpaka leo nyumbani kinazungumzwa. Muongozaji aliwachuchumaza watoto kwenye jiwe moja, akawaambia wasisogee, kivuli kisiangukie majini. Maji ni meupe, unaona chini kama uko juu ya kioo. Visamaki vidogo vinakula utando wa kijani kwenye jiwe. Mmoja alikuwa kasimama pembeni hali chochote, shavu limevimba. Akatulia, akafungua mdomo, vikatoka vitoto kama punje za ulezi, vinang'aa, vikacheza mbele ya uso wake. Pacha mmoja akanyoosha mkono, na yule mama akavimeza vyote kwa mkupuo mmoja akapotea chini ya jiwe. Mwanangu alilia. Alidhani amewala. Muongozaji akamwambia hapana, kawaficha, samaki wengi wa ziwa hili hulelea watoto mdomoni, na zaidi ya aina 200 za jamii ya samaki huyu ziko humu, karibu zote hazipo kwingine duniani. Nimekula samaki wa ziwa hili miaka yote hii na sikujua hata moja katika hayo.

Mwendo wote, kwenda tu, mtu mzima anaumaliza kwa dakika ishirini na tano. Sisi tulitumia saa nzima na nusu na hakuna aliyechoka.

Sokwe hatukumwona. Tulimsikia. Karibu na bonde la Mkenke sauti ilianzia juu, kama mtu anayehema baada ya kukimbia, ikapanda, ikapanda, ikawa mayowe ya wengi, kisha kimya. Mapacha walinishika gauni huku na huku.

Hasara tuliyopata ni moja, na ni ya mume wangu. Tuliambiwa msifungue chakula ufukweni. Yeye akasema nyani wenyewe wako mbali. Dume moja lilikuwa limekaa juu ya jiwe linatazama Kongo kama halina shida na mtu. Alipofungua tu hotipoti ya maandazi, sikuona hata lilivyofika. Tulibaki na kifuniko. Hotipoti la harusi yangu liliingia msituni likiwa na maandazi ishirini.

Karibuni kwa maswali.

Dagaa_Mkavu

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Uzi bila picha haujakamilika lakini, picha ya kifuniko tafadhali.

MamaPacha_Mwanga

Simu ya picha ililoa maji kwenye boti, iko kwa fundi ndani ya mchele. Kifuniko kipo, ni cha maua mekundu.

Nabii_wa_Ujiji

Dada hongera kwa safari, ila mimi nitasema ukweli. Ufukwe tunao Bangwe, tunao Katonga, bure. Kokoto ni zile zile, maji ni yale yale. Nilipe boti, nilipe kiingilio, nitembee dakika ishirini na tano na sokwe nisimwone? Hii biashara mmependa wenyewe.

MamaPacha_Mwanga

Kaka yangu Nabii, Bangwe naipenda na Jumapili tuko huko. Lakini Bangwe ukigeuka nyuma unaona nini? Nyumba na spika. Maji ni yale yale, sikatai, tofauti iko upande wa kushoto. Watoto wangu hawajawahi kukaa kwenye kivuli cha mti ambao hakuna mtu anayeupigia hesabu ya mkaa.

Na bibi alipata la kwake. Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa, zamani walikuwa wanapiga kambi kwenye ufukwe ule ule kuanika. Tulipofika sehemu moja ya mchanga mpana akavua kandambili, akasimama. Akasema hapa ndipo yeye na dada zake walikuwa wanashinda na fimbo kufukuza nyani wasile dagaa. Kisha hotipoti liliposombwa, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote: "Hao ni wajukuu wa wale wale."

Nabii_wa_Ujiji

Haya, kwa bibi nimeshindwa. Nakaa pembeni.

Mzee_wa_Mwalo

Salaam. Nimesoma yote. Mimi ni mtu wa boti, nimepeleka watu Gombe tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mama Pacha umeandika vizuri, ila umeandika kwa furaha, naomba niweke chumvi.

Watoto hawapandishwi kwa sokwe, na hiyo si roho mbaya ya askari. Mwaka 2002 sokwe mmoja dume, Frodo, alimnyakua mtoto mdogo mgongoni kwa aliyembeba akamuua. Kwa sokwe kitoto ni nyama kama kile cha mbega mwekundu anayemwinda kila siku. Hata Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipomlea mwanawe pale ufukweni, baraza ya nyumba iliwekwa wavu kama kizimba, mtoto ndani, sokwe nje. Na sokwe huteremka mpaka chini anapotaka. Kwa hiyo ufukweni mtoto awe mbele ya macho, asitangulie kukimbia kwenye kona, na muongozaji akisema "rudini", hakuna mjadala wala picha ya mwisho.

La boti. Kabla hujaweka mtoto ndani, mwambie nahodha akuoneshe mafuta. Akuoneshe, si akwambie. Angalia laifu jaketi kama zipo za watoto. Ya mtu mzima mtoto anachoropoka kwa chini. Na kurudi msingoje jua lipoe. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini ukiamka, unaupokea usoni njia yote ya kurudi mjini.

MamaPacha_Mwanga

Mzee shikamoo. Yote nimeyapokea, na hilo la mafuta ungeniambia mapema. Nahodha wetu (simtaji, ana watoto naye) alituapia mafuta yapo. Wakati wa kurudi mashine ikakohoa, ikazima, tukabaki tunayumba. Mama mmoja akaanza kuimba pambio. Nahodha alikuwa na kidumu cha akiba lakini kina lita mbili hivi, tukafika Kibirizi mashine inakoroma. Watoto walidhani ni sehemu ya burudani.

Kuhusu Frodo, muongozaji alinisimulia pembeni, watoto wakiwa mbali. Ndiyo sababu sikuandika. Pengine nilikosea.

Mzee_wa_Mwalo

Marahaba mwanangu. Hukukosea kutowaambia watoto. Wazazi ndio wajue.

Mnyamwezi_wa_Cheyo

Wakuu nimeweka kambi kwenye uzi huu kutokea Tabora. Nina watoto wawili, wa sita na wa tisa, likizo ndiyo hiyo inakuja. Tutakuja na treni maana mwanangu anadai hajawahi kulala kwenye treni na kwamba huo ni unyanyasaji. Maswali: twende mwezi gani, na je tukitaka kulala huko huko?

Halafu nimesoma kidogo kuhusu hao sokwe nikakutana na vita vya Kasekela na Kahama. Kahama yetu hii ya dhahabu? Nilishtuka.

Mwalimu_Mstaafu_KGM

Hapana mkuu, Kahama ya Gombe ni bonde na kijito, kusini ya Mkenke. Sokwe wa Kasekela waligawanyika, kundi dogo likahamia upande wa huko, na kati ya 1974 na 1978 wale wa Kasekela wakawaua madume ya Kahama mmoja baada ya mwingine. Kabla ya hapo watu waliamini vita vya namna hiyo ni vya binadamu peke yake.

Niongeze jambo kwa wazazi. Wengi humtaja Jane Goodall kama mtu aliyekuja peke yake msituni. Alipofika Julai 1960, akiwa na miaka 26, wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa msichana akae huko mwenyewe, kwa hiyo alikuja na mama yake mzazi, Vanne. Mama ndiye aliyekaa kambini akitibu wavuvi kwa vidonge na dawa za vidonda, na ujirani mwema ukaanzia hapo. Ni baadaye mwaka ule ule binti alipomwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichokoa mchwa kwenye kichuguu kwa bua la nyasi. Kwa hiyo safari ya Gombe na mama mtu si mambo mapya. Jane mwenyewe amefariki tarehe 1 Oktoba 2025, na miaka 91.

Ilikuwa pori la akiba tangu 1943, ikawa hifadhi ya taifa 1968.

Mnyamwezi_wa_Cheyo

Ahsante mwalimu. Hiyo ya mama nitamsomea mke wangu, ndiye anayesita.

Sista_Kichocho

Jina nililipata kazini, nilikuwa muuguzi. Watoto watataka kuoga, hamtawazuia. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, ufukwe wa mawe unaopigwa na mawimbi una nafuu, lakini nafuu si kinga. Mkitoka majini jifuteni mara moja, msikauke na jua. Mtoto akikojoa damu au tumbo likimuuma wiki kadhaa baadaye, mpeleke apimwe, dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi.

Mamba wako zaidi kwenye midomo ya mito mikubwa kama Malagarasi, hata hivyo ulizeni askari kabla ya kuoga, wao ndio wanaoshinda pale. Na kwenye mawe kuna nyoka wa majini, jamii ya swila, anakula samaki. Ana sumu kweli, lakini ni mtu wa mambo yake, ukimwacha anakwenda. Mtoto asitie mkono kwenye matundu ya mawe.

Dagaa_Mkavu

Sista umetuua. Mimi nilikuwa nimeshaandaa taulo.

Sista_Kichocho

Chukua taulo, ndiyo nimekwambia ujifute.

Mvuvi_Mstaarabu

Kwa mkuu wa Tabora. Mvua huku ni Novemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo njoo Juni mpaka Oktoba, mawe hayatelezi na vijito ni vidogo. Baridi ya asubuhi kwenye boti ipo, sweta za watoto.

Kulala kunawezekana, hapo Kasekela. Ukilala, angalia kalenda. Usiku usio na mwezi ndio wavuvi wanatoka na taa kuvutia dagaa, na ukikaa ufukweni unaona ziwa lote limewaka, utasema kuna mji ng'ambo. Mwezi ukiwa mpevu sisi tunapumzika, giza na ukimya tu. Na huwa kuna kufunga ziwa, kwa mfano 2024 lilifungwa 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane, kipindi kama hicho taa hutaziona. Jua linazamia Kongo, hilo halina kalenda.

MamaPacha_Mwanga

Niongezee ya vyombo. Raba, si kandambili (bibi pekee ndiye aliyeweza). Maji ya kunywa ya kutosha. Chakula kikae kwenye begi lenye zipu na kiliwe ndani, mahali palipo na wavu. Ugali wa muhogo na migebuka mtakula mkirudi mjini, msihangaike kubeba.

Na hilo la mume wangu msimwambie kama nimeandika.

Baba_Pacha

Nimeshaona.

Dagaa_Mkavu

😂😂😂 Uzi umenoga.

Baba_Pacha

Naomba nijitetee mbele ya jukwaa. Lile dume nilikuwa namwangalia. Aliyelichukua ni jingine, lilitokea nyuma. Nyani wanafanya kazi kwa timu.

Nabii_wa_Ujiji

Shemeji utetezi umekataliwa.

Mnyamwezi_wa_Cheyo

MREJESHO.

Wakuu, tumerudi Tabora juzi. Wiki tano tangu niandike hapa. Treni ilichelewa, watoto walifurahi ilivyochelewa. Tulilala usiku mmoja Kasekela, usiku wa giza kama Mvuvi alivyoshauri, na taa tuliziona. Mke wangu alikaa nje mpaka saa sita.

Ufukweni tulikwenda upande ule ule wa Kakombe. Yule samaki wa mdomoni tulimtafuta mawe saba ndipo tukampata, na wa sita wangu hakulia, aliuliza anakulaje kama mdomo umejaa watoto. Muongozaji akasema hali, anafunga mpaka wakue. Tangu hapo kila mama yake akisema ana njaa, huyu mtoto anamwangalia kwa mashaka. Nyani walipita kama hamsini hivi, na sisi hatukufungua hata karanga. Sokwe tulimwona mmoja, mbali, mgongo tu, anapanda mti. Sekunde kumi. Muongozaji akaturudisha nyuma hapo hapo, nikamkumbuka Mzee wa Mwalo, sikubishana.

Mwanangu wa tisa alijaza kokoto kwenye soksi. Askari akamwambia kitu cha hifadhi hakitoki, akazirudisha moja moja kwa huzuni kama anazika.

Sasa sikilizeni. Wakati wa kuondoka niliwasimulia kisa cha hotipoti. Muongozaji akaangua kicheko, akaingia stoo, akatoka nalo. Walilikuta kwenye kijito siku mbili baada ya tukio. Lina alama za meno ubavuni na ndani lilikuwa limelambwa likalambika. Nimelileta Tabora, nimeliosha, nimelijaza asali ya nyuki wadogo kwa ajili ya bibi, na Alhamisi linapanda treni kuja Kigoma.

Nimelifunga kwa mfuko wa nailoni na mpira. Mwenye kifuniko ajitokeze stesheni.